Muulize Mwalimu: Wastani, uji na kamati ya shule

Mwalimu wetu alianza kushika chaki enzi za UPE (Elimu ya Msingi kwa Wote) na akastaafu akiwa Temeke. Kila toleo anajibu barua za wasomaji kuhusu watoto na shule.

Matokeo ya darasa la saba yakishatoka, barua hunijia kwa fujo. Za furaha huwa sizijibu, nawapongeza kimoyomoyo yakaisha. Hizi hapa ni zile nyingine. Majina nimeyaondoa, kwani walimu nao husoma jarida hili, na mtoto bado yuko darasani kwao.

NIMHAMISHE KWA SABABU YA WASTANI?

Shikamoo Mwalimu. Mwanangu yuko darasa la tatu, shule ya serikali hapa hapa mtaani, anakwenda kwa miguu. Jirani yangu kamhamishia wake shule nyingine ya serikali kule Chang'ombe, anasema wastani wao uko juu. Mtoto wake anaamka usiku kwa usiku kugombania daladala. Nimeingia kwenye matokeo ya NECTA kwa simu, nimeona namba tu. Nami nimhamishe? Mama wa wawili, Mbagala.

Marahaba mwanangu. Tuanze na hizo namba, maana zimekutisha bure.

Ukifungua ukurasa wa shule utaona idadi ya waliofanya mtihani na wastani wa shule, halafu jedwali la madaraja, wasichana kwao na wavulana kwao, na hali ya kila somo. Masomo ni sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, jumla 300. Kuanzia 241 ni A, 181 hadi 240 ni B, 121 hadi 180 ni C. Chini ya hapo mtoto hajafaulu.

Sasa chukua shule mbili, moja ina wastani wa 176, nyingine 184. Mtaani utasikia ile ni ya C, hii ni ya B, na midomo inabinuliwa. Tofauti yao ni alama nane katika 300, yaani kwa somo moja haifiki hata alama moja na nusu. Baraza la Mitihani lenyewe, yaani hiyo NECTA, liliacha kutangaza shule kumi bora tangu mwanzoni mwa 2023. Wanaoendelea kuzipanga ni wakubwa wa magrupu ya WhatsApp.

Mimi huanza kwa idadi ya watahiniwa. Shule iliyofanyisha watoto 38 na shule iliyofanyisha 260 hazikubeba mzigo mmoja. Halafu nakwenda kwenye matokeo ya shule hiyo hiyo kwa miaka mitatu mfululizo, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kuwa ni darasa moja tu lililobahatika. Kisha Kiingereza na Hisabati, maana hayo ndiyo masomo yanayozama, na huko sekondari mtoto atafundishwa karibu kila somo kwa Kiingereza.

Kuna jambo jingine ambalo sijaona mzazi akiliangalia. Tafuta matokeo ya upimaji wa darasa la nne wa kundi hilo hilo, miaka mitatu nyuma. Kama watoto 210 walifanya la nne na waliofika la saba ni 150, uliza sitini wako wapi. Wengine wamehama na wazazi wao, Dar es Salaam ndivyo ilivyo, mtu leo yuko Mbagala kesho Chanika. Lakini sitini ni wengi. Shule yenye wastani mzuri iliyopoteza watoto njiani mimi siisifu mpaka nielezwe.

Hayo yote ni ya darasa la saba, na wako yuko la tatu. Kwake yeye kipimo kiko kwenye begi. Toa daftari la Hisabati leo usiku, angalia tarehe: kazi ya mwisho imesahihishwa lini? Angalia na tiki zenyewe. Tiki moja kubwa iliyokatiza ukurasa mzima, na swali la nne limekosewa waziwazi, ujue hapo hapakusomwa kitu. Ukiona swali limewekwa kosa, mtoto akarudia chini yake, na lile la marudio nalo limesahihishwa, shule hiyo ina mwalimu, na usicheze naye. Uwe na haki pia. Mwalimu mwenye watoto 120 darasani, akitumia nusu dakika kwa daftari, hapo ni saa nzima kwa somo moja, na kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa darasa. Usitegemee kila siku. Tegemea kila wiki.

Kisha mpe asome. Usimpe kitabu cha darasani, wanakikariri kama kaswida. Mpe kipande cha gazeti, au karatasi ya maelekezo ya dawa ya watoto, chochote ambacho hajakiona. Akisoma mistari mitano na akakueleza imesema nini, KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) imemkaa. Akikwama, mwone mwalimu wa darasa wiki hii, wala usingoje kikao.

Kwa jinsi ulivyoniandikia, usimhamishe. Mtoto wa miaka tisa anayekaa kituoni gizani, makonda wanampita kwa sababu nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200, anafika darasani kachoka na anasinzia kipindi cha Hisabati. Wastani wa shule haumwamshi. Ukija kuamua vinginevyo, uhamisho unafanywa na walimu wakuu wa pande zote mbili kwenye PReM, mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wanafunzi, kwa namba ya mtoto, na usikubali kuombwa "ya soda" ili jina lisogezwe.

ELIMU SI BURE, HII MICHANGO NI YA NINI?

Mwalimu, salaam. Nina watoto watatu shule moja ya msingi, yenye wanafunzi kama 1,500. Tunatakiwa kulipa uji 300 kwa siku kila mtoto, mlinzi 1,000 kwa mwezi, na mtihani wa kila Ijumaa 500. Mwezi uliopita mdogo wao alirudishwa nyumbani kwa sababu ya hiyo ya Ijumaa. Nilikwenda nikamfokea mwalimu wa darasa. Rais si alisema elimu bure? Baba watatu, Gongo la Mboto.

Pole baba. Kumfokea mwalimu wa darasa hakukusaidii kitu, yeye katumwa kukusanya. Tuzichambue hizo pesa moja moja, kwa sababu hazifanani.

Waraka wa Elimu namba 5 wa 2015, ulioanza kazi Januari 2016, ulifuta ada na michango ya lazima. Haukufuta kila kitu. Sare, madaftari, kalamu, matibabu na chakula cha mtoto wa kutwa vilibaki kwa mzazi. Serikali kwa upande wake iliweka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mtoto wa shule ya msingi kwa mwaka: 4,000 za vitabu, na 6,000 zinaingia akaunti ya shule. Kwa shule ya watoto 1,500 hiyo ni milioni tisa kwa mwaka, au 750,000 kwa mwezi. Humo itoke chaki, karatasi, mitihani, michezo, bawaba ya mlango na kitasa cha choo. Ni ndogo, sikatai. Niliwahi kukaa kwenye kiti kile, najua pesa zinavyokwisha kabla ya mwezi.

Sasa tazama Ijumaa. Watoto 1,500 mara 500 ni 750,000. Yaani mtihani wa Ijumaa moja unakusanya sawasawa na ruzuku ya mwezi mzima, na mitihani tayari imo ndani ya ruzuku! Hiyo ndiyo ya kuuliza. Uliza kwa utulivu, mbele ya watu, kikaoni: zinapochapishwa hizo karatasi ni wapi, bei gani, na risiti ziko kwa nani. Jaribio la Ijumaa linaweza kuandikwa ubaoni watoto wakalifanya kwenye daftari, na tumewafaulisha hivyo watu ambao leo ni mahakimu.

Uji ni habari nyingine, na hapa nitakukera. Lipa. Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe shuleni wa 2021 unaweka wazi kwamba chakula cha mtoto kinapangwa na wazazi pamoja na shule, na mtoto aliyetoka nyumbani na chai ya rangi hasikii kitu ikifika saa nne. Ila ukilipa, nenda ukauone. Fika siku moja saa nne kasoro, usiage mtu. Tazama unga umetoka kwenye gunia lililofungwa au kwenye ndoo iliyo wazi, tazama kama mpishi ana maji ya kuoshea vikombe au vinapitishwa kwenye beseni moja mpaka maji yanakuwa meupe. Kisha omba kikombe unywe. Uji mwepesi kama maji ya kunawia, wakati kila mtoto katoa 300, ni swali tosha kwa kamati nzima.

Mlinzi apelekwe mkutano wa mtaa. Shule hiyo ndiyo uwanja wenu wa mpira na kituo chenu cha kupigia kura, kwa hiyo wasiokuwa na watoto pale nao wachangie, kwa makubaliano yaliyoandikwa, na pesa isishikwe na mwalimu. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku walimu kukusanya michango, na nilishukuru, maana hakuna kilichotuchafua kama zile daftari za madeni.

Na kurudishwa nyumbani ni kosa. Mtoto hadaiwi, anadaiwa mzazi. Mwone mwalimu mkuu, ukishindwana naye mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha Afisa Elimu Kata, na juu yake ofisi ya elimu msingi ya Jiji. Fuata ngazi hizo hizo, kwa maandishi, nakala ubaki nayo. Anayeruka kwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Wilaya huambiwa arudi alikotoka.

NIMECHAGULIWA KAMATI, NAFANYA NINI?

Mwalimu mwenzangu kwa umri, salaam. Wazazi wamenichagua mjumbe wa kamati ya shule. Mimi ni seremala, niliishia darasa la nne. Tukienda kikaoni tunaletewa karatasi, tunasaini, tunakunywa soda, tunarudi. Najiona sanamu. Mzee wa Yombo Vituka.

Barua yako imenifurahisha kuliko zote, kaka. Kamati hizi nimezijua tangu zamani. Wakati wa MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi), kuanzia 2002, pesa za madarasa zilipoanza kushuka shuleni, ndipo tulipojua nani ni mjumbe na nani ni mnywaji wa soda.

Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati. Yeye anaandika, na anayeandika ana nguvu. Kwa hiyo usisaini karatasi ambayo haijasomwa kwa sauti mbele yenu wote. Sema macho yamechoka, hakuna atakayekucheka. Waombe wasome salio la benki la mwezi uliopita, zilizoingia, zilizotoka, salio la sasa. Namba tatu. Wakimaliza, uliza kama hizo hizo zimebandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi, ambako hata muuza barafu anaweza kuzisoma. Ubao wa shule nyingi una ratiba ya mwaka juzi na tangazo la chanjo lililopauka kwa jua.

Halafu tumia ufundi wako. Wewe ni seremala, na madawati ya shule za Dar yanavunjika mahali pale pale, kwenye kiungo cha mguu wa nyuma, kwa sababu watoto wanne wanakalia dawati la watoto watatu na wa pembeni anaegemea. Nenda kwenye kile chumba wanachokiita stoo, hesabu yaliyolundikwa. Nina hakika nusu yake yanataka mbao mbili, misumari na gundi. Andaa makisio, yapeleke kikaoni. Siku hiyo hutajiona sanamu. Mtu mmoja wa kamati anayejua bei halisi ya ubao wa mninga au paini huokoa pesa nyingi kuliko mkaguzi.

Shule yenu ikipata fedha za ujenzi, iwe za mradi wa BOOST au nyingine, zitakuja kwa mtindo wa fosi akaunti, yaani shule yenyewe inanunua vifaa na kuwalipa mafundi wa hapa hapa. Kutakuwa na kamati ndogo za ununuzi na mapokezi. Omba uwe kwenye mapokezi. Hesabu mifuko ya saruji inaposhuka, siyo inapokuwa imeshapangwa, na ile iliyoganda usiipokee.

WAWILI WANGU WOTE WATAMALIZA 2027?

Mwalimu shikamoo. Mwaka 2024 mkubwa alikuwa darasa la nne, mdogo darasa la tatu. Naambiwa watamaliza mwaka mmoja. Kweli, au porojo? Mama Kijichi.

Kweli kabisa. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa awali, la kwanza na la tatu, na elimu ya msingi chini yake ni miaka sita. Kwa hiyo mdogo wako anamaliza la sita 2027, na mkubwa, aliyebaki kwenye mtaala wa zamani, anamaliza la saba mwaka huo huo. Mwaka unaofuata wote wawili watadai sare za sekondari, madaftari makubwa na viatu vyeusi kwa mpigo. Anza kibubu sasa. La muhimu zaidi, usimpe mdogo vitabu vya kaka yake ajisomee ukidhani ni yale yale. Mtaala si mmoja.

MBIO ZITAMHARIBIA MASOMO?

Binti yangu wa darasa la sita kachaguliwa timu ya kata ya riadha, wanajiandaa na UMITASHUMTA. Mama yake anafurahi, mimi naona anapoteza muda. Baba, Tandika.

Mwache akimbie. UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma, hilo neno la mwisho mnalisahau. Nimefundisha watoto ambao kilichowaleta shuleni Jumatatu ni mazoezi ya Jumanne tu. Mwulize mwalimu wa michezo mambo mawili: nani anakaa na watoto jioni baada ya mazoezi, na vipindi anavyokosa anafidiwa lini. Ukijibiwa vizuri, mnunulie raba.

MJUKUU HASOMI UBAONI

Mwalimu, mjukuu wangu darasa la pili hanakili kitu kutoka ubaoni. Mwalimu wake anasema ni mvivu, lakini nyumbani akiangalia televisheni anaisogelea mpaka pua inagusa. Bibi, Buguruni.

Bibi mwenzangu, umeshapata jibu mwenyewe: hiyo pua. Peleka macho hospitali kabla ya kitu kingine, na leo hii mwombe mwalimu amkalishe mbele, upande usiopigwa na mwanga wa dirisha. Ikionekana uoni wake ni hafifu na miwani haitoshi, onana na Afisa Elimu Maalumu wa halmashauri. Pale Uhuru Mchanganyiko, karibu na Kariakoo, watoto wasioona na wenye uoni hafifu wanasoma shule moja na wenzao wanaoona, na walimu wake wamesomea kazi hiyo. Majirani zenu hapo Buguruni wana shule ya watoto viziwi, kwa hiyo mkiangalia vizuri hamko mbali na watu wanaojua mambo haya. Na huyo anayemwita mvivu, mwonyeshe karatasi ya daktari. Usigombane naye.

VIBOKO SITA

Mwanangu wa kike, darasa la tano, kachapwa viboko sita na mwalimu wa kiume kwa kuchelewa namba ya asubuhi. Naambiwa ni sheria. Mzazi, Temeke.

Sheria ipi? Kanuni za 2002 zinasema kiboko ni kwa kosa kubwa, visizidi vinne, mchapaji ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemwandikia ruhusa, na msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu, na kosa lake. Kuchelewa namba si kosa kubwa, ni foleni ya Mbagala.

Kesho nenda ofisini, salimia, kaa, uombe kuonyeshwa kitabu cha adhabu cha wiki hiyo. Kama jina la binti limo, soma limeandikwa viboko vingapi na nani kasaini. Kama halimo, mwombe mwalimu mkuu akuandikie kwa mkono wake kwamba halimo, kisha upeleke karatasi hiyo kwa Afisa Elimu Kata kabla ya saa sita, maana mchana huwa wanatoka kwenda kukagua shule.